Watu wa Kupimia Mawe

Darasa la mwisho, kule jengo la jiografia linakoishia, lilikuwa na giza mchana kutwa. Madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi ya kijivu yaliyopigiliwa misumari juu na kufungwa kamba chini, ili upepo usiyapeperushe. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa kila muhula. Katikati ya darasa, juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, ilikaa projekta ya slaidi, na kando yake kabati la chuma lenye ufunguo mmoja tu.

Chuo chenyewe kilikuwa Migori, na kazi yetu ilikuwa kuwafunza walimu wa shule za msingi. Nilipofika pale mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mkufunzi mchanga kutoka Kendu Bay, mwenye ufunguo ule alikuwa mkufunzi mkuu wa jiografia. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Homa Bay, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Projekta ilikuwa mali ya chuo, lakini slaidi zilikuwa zake. Alizipiga mwenyewe kwa kamera yake kuukuu, akatuma filamu Nairobi zikasafishwe, na ziliporudi baada ya majuma mengi akazikagua moja moja dirishani kabla ya kuzipanga kabatini. Alinifundisha kuzishika kwa kingo, nisiache alama za vidole, na kuweka vipande vya makaa kwenye kila droo ili vinyonye unyevu.

Slaidi zake zilikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kuliona kwingine. Takriban kila picha ilikuwa na mtu. Akipiga jiwe, mtu amesimama kando ya jiwe. Akipiga korongo lililochimbwa na mvua, mtu amesimama ukingoni. Nilimwuliza sababu, akaniambia kwamba bila mtu, jiwe ni jiwe tu, mwanafunzi hawezi kujua kama ni la kukalia au la kujificha nyuma yake. Aliwaita watu wa kupimia. Wengine walikuwa wanachuo wake, wengine wapita njia, wavuvi, akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa omena. Kwenye fremu ya kila slaidi aliandika umbo la ardhi na mahali, basi. Korongo, Kendu. Kisiwa, Remba. Jina la mtu hakuliandika hata mara moja.

Nilifundisha pamoja naye kwa miaka kadhaa. Siku za Jumamosi tulipanda lori la chuo na wanachuo wetu, tukaenda kwenye vilima vya Homa, au kwenye machimbo ya dhahabu, au ufuoni. Yeye alitembea mbele, kofia kichwani, kamera kifuani. Alipopata alichokitaka, alitazama nyuma, akachagua mtu kwa macho, akamwonyesha mahali pa kusimama. Watu walipenda kuchaguliwa. Kulikuwa na wanachuo waliovaa shati lao zuri siku ya ziara kwa ajili hiyo tu.

Kisha akaanza kubaki nyuma. Mwanzoni alisema magoti yanamsumbua. Baadaye nikaona tundu jipya kwenye mkanda wake, lililotobolewa kwa msumari, na baada ya hilo jingine. Wakati ule ugonjwa ule haukutajwa jina kwetu. Watu walisema malaria, walisema kifua, na wazee walisema chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko. Yeye hakusema chochote. Alifundisha akiwa ameketi, nyuma ya projekta, na giza la darasa lile likamsitiri. Wanachuo walimsikia tu. Waliona mwanga ukitoka pale alipo, wakasikia slaidi ikidondoka mahali pake kwa mlio mkavu, na sauti yake ikieleza mteremko na mmomonyoko. Alipokohoa, alisubiri, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Alifariki wakati wa likizo. Tulimzika nyumbani kwake Homa Bay, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya miti ya mlonge. Nakumbuka mke wake alikaa kwenye mkeka bila kulia, akiwatazama waombolezaji mmoja baada ya mwingine kana kwamba anamtafuta mtu. Tuliporudi Migori, mkuu wa chuo aliniita ofisini, akanipa ufunguo wa kabati.

*

Nilianza kufundisha na slaidi zile muhula uliofuata. Niliziba madirisha, nikawasha mashine, feni yake ikaanza kuvuma na harufu ya vumbi lililopata moto ikajaa chumbani. Slaidi ya kwanza ilikuwa ya mlima. Ya pili ilikuwa ya bonde la mto, na kijana mmoja amesimama kwenye ukingo, mikono kiunoni, anacheka. Nikaanza kueleza jinsi mto unavyokata udongo upande mmoja na kuutua upande wa pili. Kutoka viti vya nyuma nikasikia mtu akisema taratibu, bila kumlenga yeyote, kwamba huyo ametangulia.

Niliendelea. Slaidi ya tatu ilikuwa ya mwamba, na mwanamke amejitwika ndoo kando yake. Sauti nyingine ikasema, na huyo pia.

Lazima nieleze jambo hili lilivyokuwa. Wanachuo wa yule mkufunzi walikuwa wamemaliza masomo, wakatawanyika kufundisha katika shule za Migori na Homa Bay. Wanachuo wangu sasa walikuwa wamefundishwa na hao hao walipokuwa watoto, au walikuwa ndugu zao, au majirani. Na miaka ile walimu walikuwa wakifa. Hakuna mwisho wa juma uliopita bila lori la chuo kutumwa mazishini. Kwa hiyo nilipowasha ile mashine, nilikuwa nawasimamisha ukutani watu waliozikwa juzi na jana, wakiwa na afya, jua usoni, mashati yao mazuri yamefungwa vifungo.

Nilijifunza kusema, "Tazameni mteremko." Wanachuo walisema ndiyo, na kila jicho, pamoja na langu, likabaki kwa mtu. Kulikuwa na siku ambazo nilihisi watu wale ndio waliokuwa wakitutazama. Mwanga ulipozimwa na mablanketi kufunguliwa, tulitoka nje tukipepesa macho.

Siku moja niliweka slaidi iliyoandikwa Korongo, Kendu. Ilionyesha ardhi nyekundu iliyopasuka, korongo lenye kina kushinda kimo cha mtu, na ukingoni msichana mwenye gauni la buluu ameegemea mguu mmoja. Mwanachuo mmoja akasimama. Alikuwa mwanamke mkimya kutoka upande wa Rangwe, mtu mzima kidogo kuliko wenzake, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amezungumza darasani isipokuwa nimwulize. Alitembea mpaka mbele, akapita katika njia ya mwanga, na kivuli chake kikaufunika ukuta wote.

"Madam," akasema, "tafadhali usiibadilishe."

Niliiacha. Wenzake walitoka mmoja mmoja, bila kuambiwa. Tulipobaki wawili, alisogea pembeni, msichana wa gauni la buluu akarudi ukutani, naye akanieleza kwa Kijaluo, akitazama ukuta na si mimi. Yule alikuwa dada yake mkubwa. Alisomea chuo hiki hiki, akaolewa, akaugua akiwa kwa mume. Alipokufa, watu wa mume waliogopa ugonjwa, wakachoma godoro lake, nguo zake, na sanduku lake pamoja na kila kilichokuwamo. Picha zake zilikuwa humo. Nyumbani kwao mama yao alibaki na picha moja ya shule, dada yake akiwa darasa la pili, katika safu ya watoto, na hata hapo alikuwa amegeuka.

"Nilikuwa nimeanza kuisahau sura," akasema. "Namkumbuka sauti. Sura ilikuwa inaniondoka."

Akaniomba nimwachie mashine ikiwaka kidogo. Nikavuta kiti, nikaketi naye. Projekta ikavuma.

*

Alirudi tena, na safari hiyo alikuja na mwenzake aliyetaka kumwona kaka yake. Baadaye akaja mjomba wa mtu fulani, kutoka sokoni, na kofia yake mkononi. Kisha mama mmoja aliyesafiri kutoka upande wa ziwani akasubiri langoni tangu asubuhi. Niliwawashia. Sikuona ubaya wake. Nilimtafuta mtu waliyemtaja, kama yumo, na wao walikaa kwenye dawati la mbele wakamtazama. Wengine walimsalimia.

Lakini mji haukosi masikio. Habari zilianza kuzunguka kwamba pale chuoni kuna chumba cha giza ambamo wafu husimama. Kutoka hapo habari zikageuka. Ikasemwa kwamba marehemu mkufunzi alikuwa akiwachagua watu kwa macho yake, na kila aliyechaguliwa akasimama kando ya jiwe, jiwe lilibaki na yeye akaondoka. Ikasemwa kamera ile ilichukua kivuli cha mtu na kukitia kabatini, na mtu asiye na kivuli hadumu. Wengine walisema aliwauza.

Tulipokwenda ziara kwenye kilima muhula ule, nilipoomba mtu asimame kando ya mwamba, wanachuo wote walitazama chini. Niliwaambia kamera hii ni ya chuo, si ile. Hakuna aliyesogea. Mwishowe nikachomeka fimbo ardhini, nikapiga picha ya fimbo.

Sitadanganya kwamba sikuguswa. Mimi mwenyewe nilikuwamo katika slaidi moja, aliyonipiga ufuoni Kendu mwaka wangu wa pili pale chuoni. Nilikuwa mkufunzi wa sayansi ya ardhi, nilijua kamera ni kioo na filamu. Hata hivyo nilianza kujipapasa shingo kila asubuhi nikitafuta uvimbe. Nilipopita kwenye kituo cha kununulia tumbaku, nilimwomba karani aniruhusu nipande kwenye mizani, nikacheka kana kwamba ni mzaha, kisha nikaikariri ile namba njia nzima mpaka nyumbani. Nilipoanza kukohoa kwa sababu ya vumbi la kiangazi, sikulala.

Baba mmoja, mzee wa kanisa, alikuja kumwambia mkuu wa chuo kwamba binti yake hataingia tena katika darasa lile. Wengine wakafuata. Mkuu aliniita. Alikuwa mtu mpole, Msabato aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, na niliona kwamba mazungumzo yale yanamtesa. Aliniambia yeye haamini uvumi, lakini ana chuo cha kuendesha, na wazazi wanamwandama. Pia kompyuta zilikuwa njiani kuletwa, na darasa lile ndilo lililochaguliwa kuwa chumba cha kuziweka. Kwa hiyo zile slaidi zenye watu zichomwe kabla ya chuo kufungwa.

Nilimjibu kwamba karibu zote zina watu.

"Basi, Madam," akasema, "karibu zote."

*

Juma la mwisho la muhula, mjane wa mkufunzi alifika. Nilimwona kutoka dirishani akivuka uwanja, mkoba umekumbatiwa, hatua zake ndogo ndogo. Nilidhani amesikia yanayosemwa juu ya mume wake na amekuja kutulaumu. Nilitoka kumpokea, nikampa pole ya safari. Aliniita nyar Kendu, binti wa Kendu, kama mume wake alivyoniita, na akasema ameambiwa picha zitachomwa. Hakukasirika. Alitaka tu kuziona kwanza. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuingia katika lile darasa.

Niliziba madirisha, nikampa kiti mbele. Aliweka mkoba mapajani, akakunja mikono juu yake. Nikaanza na droo ya kwanza.

Slaidi ya kwanza ilipodondoka, akasema jina. Ya pili, akasema jina. Sikuelewa mara moja. Alikuwa akiwataja watu wa kupimia. Huyu, akasema, ni mtoto wa fundi cherehani wa Rodi, aliogopa urefu, ilibidi ashikwe mkono mpaka pale juu. Huyu ni mama wa Remba aliyekataa kusimama mpaka aoshe uso. Huyu alikuwa amegombana na mchumba wake asubuhi ile, ndiyo maana amekunja uso. Nilimwuliza amewajuaje. Akasema mume wake alimwambia. Kila aliporudi kutoka ziara, wakiwa mezani, alimsimulia aliyesimama wapi na walizungumza nini. Mawe na milima hakuvitaja kabisa.

"Kwa nini hakuandika majina yao?" nikauliza.

"Alisema ukiandika jina, darasa litamtazama mtu, liache mlima." Akatikisa kichwa. "Mimi nilimwambia watamtazama mtu vyovyote vile."

Tuliendelea hivyo alasiri nzima, yeye akitaja na mimi nikibonyeza. Wengi aliowataja nilijua wamekufa, naye alijua, lakini alizungumza juu yao kama watu ambao wangeweza kupita hapo nje. Uzito niliokuwa nao katika darasa lile tangu nilipokabidhiwa ufunguo ulibadilika. Haukuondoka. Ila nilianza kuhisi wale watu hawakuwa wamesimama hapo kwa ajili ya kutudai kitu.

Kisha slaidi yangu ikadondoka. Nilikuwa ufuoni, mbali kidogo, kwenye kingo za mchanga zinazoachwa na maji ya ziwa yakirudi nyuma. Mikono yangu nilikuwa sijui niiweke wapi.

"Huyu ni wewe," akasema mjane.

"Ni mimi, Mama."

Nilikuwa nimeshika kitufe nibadilishe, kwa sababu sikupenda kujiona pale, aliponiomba ningoje. Aliinuka, akaweka mkoba kitini, akaenda mpaka ukutani kwa kupitia pembeni. Akainama kwenye kona ya chini.

"Na huyu?"

Nikatazama alipoonyesha. Kwenye mchanga, kuanzia ukingo wa chini wa picha kuja juu, kulilala kivuli kirefu cha mtu. Miguu myembamba kama mianzi. Viwiko vimetokeza pande mbili, kwa sababu mikono ilikuwa imeinua kitu usoni. Kofia.

Nilikuwa nimefundisha slaidi ile mara nyingi. Niliwaonyesha wanachuo kingo za mchanga, niliwaonyesha maji. Mimi mwenyewe niliikodolea macho kwa hofu nikiwa peke yangu, nikitafuta usoni mwangu dalili ya kifo. Kile kivuli sikuwahi kukiona.

Mjane aliniambia kwamba hana picha ya mume wake. Ile ya arusi ililiwa na mchwa, na baada ya hapo ni mume siku zote aliyeshika kamera. Alinyoosha kiganja akigusa ukuta, na mkono wake ulipoingia katika mwanga, kivuli chake kikakifunika kile cha mume wake, kikatoweka. Akaurudisha mkono haraka. Kikarudi. Hakujaribu tena. Alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Ilikuwa saa ngapi?" akaniuliza.

Sikukumbuka. Lakini hiyo ni kazi niliyosomea, kwa hiyo nikakitazama kivuli, nikakilinganisha na mwili wangu kule mbali na kivuli changu mwenyewe. Nikamwambia jua lilikuwa nyuma yake, upande wa magharibi, limeshuka, kwa hiyo yapata saa kumi na moja jioni.

"Basi alikuwa karibu kurudi nyumbani," akasema.

Alirudi kuketi, na hapo ndipo aliponiomba nizime.

*

Kabla ya kuondoka alikwenda ofisini kwa mkuu. Nilisubiri nje na sikusikia yote. Baadaye mkuu aliniambia kwamba mama yule hakumbishia hata kidogo. Alimwuliza tu kama anajua kwamba watu walikuwa wanazikwa na vitu vyao vikichomwa, na kama anataka chuo nacho kifanye hivyo. Mkuu alitazama mikono yake mezani. Kisha akaniambia nizirudishe kwa wenyewe. Zile chache zisizo na mtu zibaki za kufundishia.

Kwa hiyo mwaka uliofuata niligawa slaidi. Mjane alinielekeza, maana bila yeye nisingejua nibishe hodi mlango wa nani. Yake, ile yenye kivuli, nilimpa ya kwanza. Nyingine nilizipeleka nilipopata nafasi, Migori, Homa Bay, Kendu, ndani ya kibweta cha bati kilichotandikwa pamba. Watu wengi walidhani naleta picha ya karatasi. Nilipowapa kile kipande kidogo, waligeuza geuza, mpaka nikawaonyesha kukiinua juu kuelekea mwangani. Nakumbuka nyua nyingi za namna hiyo, familia nzima imekusanyika, na mtu mmoja ametazama juu angani, jicho moja limefumbwa, wengine wakingoja zamu. Si wote waliopokea. Mwanamume mmoja aliichukua ya mke wake, akaitazama, akaitupa mekoni mbele yangu, kisha akanikaribisha chai. Nilikunywa.

Darasa la giza likafunguliwa. Mablanketi yakatolewa, madirisha yakatiwa vyuma, kompyuta zikapangwa kuzunguka ukuta. Tukaambiwa tupige chapa maelezo yetu ya masomo na kuyahifadhi kwenye disketi, na mkufunzi mpya aliyeletwa kutufundisha alituhakikishia kwamba sasa hakuna kitakachopotea tena. Disketi zangu mbili zilikataa kufunguka kabla ya mwaka kwisha. Projekta iliwekwa stoo kwa kukosa balbu.

Yule mwanachuo wa Rangwe alikuwa ameipeleka slaidi ya dada yake Kisumu, kwa mpiga picha aliyeweza kuichapisha kwenye karatasi, tena kwa ukubwa. Kabla hajamaliza chuo, tulikwenda na darasa lake kwenye yale makorongo ya Kendu. Nilikuwa nimebeba fimbo yangu, kwa kuwa uvumi ulipungua lakini haukuwa umeisha. Tulipofika, yeye alitoka katika kundi bila kuombwa, akatembea mpaka ukingoni, akageuka kunikabili.

Nilimwambia si lazima.

"Najua," akasema. "Piga, Madam."

Nilipiga. Nilifanya haraka, na picha ile ilipotoka haikuwa kali sana. Baada yake kijana mmoja alikwenda kusimama kwenye korongo la pili, akiwa hana raha, lakini alikwenda. Nashukuru kusema kwamba yule mwanamke yu hai na anafundisha mpaka leo.

Mwaka huo huo alinialika kwao, si mbali na misheni ya Asumbi, kumpelekea mama yake ile picha ya dada kutoka Kisumu. Alitaka niwepo. Mama yao alikuwa ameondoa vitu mezani na kutandika kitambaa. Binti yake aliifungua bahasha, akaiweka pale.

Picha ilikuwa imekuzwa mpaka ikapoteza ukali. Uso ulikuwa kama kitu kinachoonekana kupitia kioo chenye mvuke, macho na mdomo ni vivuli tu. Nilianza kuomba radhi kwa hilo. Mama hakunisikiliza. Alipitisha kidole juu ya gauni la buluu mpaka miguuni.

"Ni yeye," akasema. "Amesimama kwa mguu mmoja. Nilimkataza tangu utotoni."

Aliitazama muda mrefu. Kisha kidole kikasogea upande, kwenye ule mpasuko mwekundu wa ardhi, kikasimama hapo.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwa nini walimsimamisha kando ya shimo?"

Nilimweleza. Nilisema ni korongo, limechimbwa na maji ya mvua, na mwalimu wetu alitaka wanafunzi waone kina chake. Nilisema siku hiyo binti yake alikuwa mzima, na kwamba alikuwa amechaguliwa kati ya wengi. Mjane alikuwa ameniambia pia kwamba msichana yule aliimba njia nzima kwenye lori, nikamwambia na hilo. Mama aliitikia kila neno, kwa adabu. Nilipomaliza, alichukua picha, akaikunja kwa uangalifu upande ule wa korongo, akabonyeza mkunjo kwa ukucha mara mbili, mpaka akabaki binti yake na anga tu. Ndipo akaitia kwenye fremu aliyokuwa ameinunua tayari, akampa binti yake aliyebaki aitundike.

Mkobani mwangu nilikuwa na picha ya pili, ya huyo aliyekuwa akipanda kitini na nyundo mkononi, amesimama ukingo ule ule. Nilikuwa nimeileta kama zawadi, nikafungua mkoba niitoe. Alinitazama kutoka kitini, akatikisa kichwa kidogo sana. Niliufunga mkoba, na mama akaenda kuleta uji.